Miaka Khamsini ya Pank, kwa Utulivu

Idara ya Kumbukumbu Zenye Nidhamu ilitangaza rasmi kwamba Maskati itaadhimisha miaka khamsini ya pank, ule muziki wa vijana wa Kiingereza waliochana nguo zao, wakajitoboa mashavu kwa pini na kuwapigia kelele wakubwa. Maadhimisho yatafanyika kwa utulivu. Wageni watavaa nadhifu. Kelele zitaanza saa nne kamili asubuhi.

Mkurugenzi Thani aliliandika tangazo lile mwenyewe, akaridhika nalo. Kiti cha Naibu Katibu Mkuu kilikuwa kitupu, naye alikitaka kwa roho yake yote.

Alichokosa ni shahidi aliyeiona pank kwa macho yake. Akampata katika mtaa wa Madinat Sultan Qaboos: Bi Kheiria, mkunga mstaafu, mzaliwa wa Unguja, aliyekwenda London kusomea uuguzi akaishia kupiga gitaa la besi katika bendi ya wasichana watatu.

"Una cheti cha gitaa?" Thani aliuliza, kalamu mkononi.

"Mwanangu, nlikuwa najua noti mbili tu. Wenzangu hata hizo hawana."

"Onyesho la kwanza aliliidhinisha nani?"

"Hakuna. Bendi iloalikwa ilikwenda kula chipsi, sie tukapanda jukwaani. Watu wakatutemea mate."

"Kuwapinga?"

"Kutupenda! Ndo makofi yao yale."

Thani akaandika: *Hadhira ilitoa ushirikiano wa majimaji.*

Siku ilipofika, katika ukumbi mmoja huko Bustan, wafanyakazi walipangwa kwa vyeo. Mbele kabisa alikaa Katibu Mkuu, Bi Rawya, uso umefungwa kama ofisi za Maskati siku ya Ijumaa.

Bi Kheiria alipewa hotuba ya kurasa tano aliyoandika Thani. Akaitazama, akaweka kikombe cha kahawa juu yake, akashika gitaa, akapiga noti zake mbili.

"Sie hatukupewa nafasi, tukaichukua," alisema. "Nani hapa ana la kumwambia mkubwa wake?"

Kisha akainuka Manal, karani wa Thani, ambaye kwa miaka tisa neno lake lilikuwa "hadhir" tu, yaani "ndiyo, bwana". Akashika maikrofoni.

"Nimeomba ruhusa mara kumi na moja nikamuuguze mama kule Salalah!" alipiga kelele, sauti ikimkatika. "Kazikwa, mimi bado nangoja muhuri!"

Noti mbili zikajibu. Akaja dereva, akaja mhasibu, kila mtu na lake, na safu za vyeo zikavurugika, watu wanaruka. Thani alimkimbilia Katibu Mkuu, jasho linamtiririka.

"Niwie radhi, Bi Rawya, sasa hivi nazima umeme."

"Kaa kitako, Thani. Unanizibia."

Jumapili barua ikafika. Thani alipongezwa kwa ubunifu wake, akateuliwa Mkurugenzi wa Kusikiliza: kila Alkhamisi atasimama mbele ya wafanyakazi, wampigie kelele mpaka wachoke. Kujibu hakuruhusiwi. Ruhusa za kuuguza atazitia saini Manal.

Alkhamisi ya kwanza alichungulia dirishani. Foleni ilikuwa imevuka geti.

"Mbona hawa si wa idara yetu?"

"Wamesikia, bwana mkurugenzi," Manal alisema, akimfungulia mlango, "kuna mkubwa hana ruhusa ya kujibu."