Wanatakiwa Waandishi wa Kuiangalia Serikali ya Ureno

Jumapili, 2 Novemba. Ibra, Omani.

Miezi sita tangu nistaafu. Leo nimepanga upya viatu mlangoni, jozi nne, kisha nikavirudisha kama vilivyokuwa. Nikatazama saa. Saa tatu asubuhi!

Zakariya ametoa tena gazeti lake la WhatsApp. Huyu ni jirani yangu, nyumba ya tatu, na kwa miaka ishirini na saba tulikuwa ofisi moja, yeye kakaa dirishani, mimi mlangoni penye vumbi. Sasa anaandika nani kafa Ibra, nani kaoa, ngamia wa nani kapotea. Wasomaji mia nne na kumi na mbili! Toleo la leo lina mstari mmoja juu yangu: ati Marhoun anapumzika vizuri. Nani kamwambia?

Nimeamua. Nami nitatoa gazeti. Lakini misiba, harusi na ngamia Zakariya ameshavishika vyote. Nikafikiri mpaka Adhuhuri. Serikali gani haijaandikwa na mtu yeyote wa mkoa wetu wa Sharqiyah? Ureno! Wazee wetu waliwafukuza Wareno Maskati karibu miaka mia nne iliyopita, na tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda kuangalia wanafanya nini. Uzembe mkubwa.

Kwamba mwanangu Anas anafanya kazi Lisbon ni jambo jingine. Halihusiani kabisa.

Haya, linahusiana kidogo. Kibali chake cha kukaa kule kinakwisha mwisho wa mwezi. Serikali ya Ureno ikimwongezea, anabaki. Ikikataa, anarudi kwenye chumba chake, ambacho nimekipaka rangi mara mbili. Sasa mtu atajuaje serikali imekusudia nini bila ya waandishi?

Kumuuliza mwenyewe? Haiwezekani. Anapiga simu kila Ijumaa baada ya Alasiri. Ijumaa iliyopita dakika tatu. Akaniuliza ulumu, yaani habari za huku, nikamwambia hakuna ila kheri. Nikamuuliza yeye ulumu, akasema hakuna ila kheri. Tukasikilizana pumzi. Akasema anawahi treni.

Jumatatu, 3 Novemba.

Tangazo limetoka! Nalinakili hapa kwa ajili ya historia:

"WANATAKIWA waandishi wa kujitegemea, waliopo Lisbon, wa kuiangalia Serikali ya Ureno kwa niaba ya gazeti jipya lenye makao makuu Ibra. Wajue Kiswahili, wawe wakweli, wasiogope mawaziri. Ujira: tende za khalasi, zitakazopelekwa na msafiri yeyote atakayejitokeza."

Nimelitia kwenye makundi sita: ya ukoo, ya Waomani tuliorudi kutoka Tabora, ya waliorudi kutoka Bujumbura, ya wastaafu, ya msikiti, na moja la kuuza magari ambalo sijui nani alinitia. Mpaka Magharibi, jibu moja. Bibi wa Qalhat. Anasema Wareno walikuja kuuchoma mji wao mwaka 1508, serikali yao inasemaje? Nikamjibu ofisi inalifuatilia. Gazeti halijaanza, lina msomaji mmoja na malalamiko ya miaka mia tano.

Zakariya akauliza kundini, mbele ya watu, kama Wareno wameishiwa waandishi wa kwao. Kisha akaongeza, hakuna aliyemuuliza, kwamba Nizar wake yuko Kanada na anapiga simu kila siku, kwa hiyo yeye habari za nje anazipata bure. Kila siku! Nikamwekea kidole gumba. Mtu mzima hujizuia.

Jumatano, 5 Novemba.

Maombi mawili! Nimevaa kanzu iliyopigwa pasi kwa usaili, ingawa ulikuwa wa simu.

Wa kwanza Muntasir, kijana wa Sur, anasoma uhandisi wa meli Lisbon. Akanipigia shikamoo mbili. Usaili dakika arobaini, thelathini tukitafuta undugu. Tukaupata: bibi yake na shangazi yangu walinyonya titi moja Tabora. Nimempa kazi. Utamnyimaje kazi ndugu wa ziwa?

Wa pili Abeer, binti wa Nizwa, mwaka wa tatu wa usanifu majengo. Kazaliwa hapa hapa, Kiswahili chake kinachechemea, "kitabu yangu", "watu mingi". Nikampunguzia alama. Lakini akauliza swali ambalo Muntasir hakuliuliza: gazeti hasa linataka kujua nini? Nikamwambia kila kitu. Serikali inawapa wageni vibali au inawanyima? Inawanyima kwa wingi? Na mgeni akiumwa na kifua, nani anamchemshia tangawizi?

Kisha akauliza kama nina mtu kule. Nikasema sina. Mhariri hatakiwi kuwa na upande.

Ijumaa, 7 Novemba.

Ripoti ya kwanza ya mwandishi wetu Muntasir. Nainakili yote:

"Shikamoo ami. Serikali ya Ureno haijambo. Mawaziri hawajambo. Bunge nalo halijambo. Hakuna ila kheri, wal-hamdulillah."

Nikampigia. Nikamwambia nchi nzima haikosi hata taarifa moja mbaya. Akashangaa. Akasema ami, nitaanzaje na mbaya? Hatujakaa, hatujanywa kahawa.

Sikuweza kumgombeza. Kijana kalelewa. Kwetu mtu akiingia, Ibra au Sur au Nizwa, anakaribishwa, anaulizwa ulumu, naye anajibu hakuna ila kheri hata kama nyumba yake inaungua nyuma ya mgongo wake. Akifika kikombe cha tatu ndipo anataja moto. Ada nzuri, nimeifuata maisha yangu yote. Hata siku daktari alipotoka chumbani kwa marehemu mke wangu, Mahfoudha, nduguze wakaniuliza ulumu, nikawaambia hakuna ila kheri, nikawamiminia. Kikombe cha tatu kilikuwa kizito kukishika.

Lakini gazeti halitoki namna hii!

Anas kapiga baada ya Alasiri. Dakika mbili na nusu. Hakuna ila kheri. Akakohoa mara mbili. Nikamwambia siku hizi nina shughuli nyingi, nina watu chini yangu. Akasema vizuri, Baba. Mchana nilikuwa nimepika wali wa watu wanne, mkono umezoea. Nimekula wa mmoja.

Jumapili, 9 Novemba.

Nimewapelekea waandishi kanuni. Ya kwanza: ni marufuku kutaja kheri kabla ya aya ya tatu. Ya pili: mwandishi asiyekuwa na kahawa akaitafute, anywe vikombe vitatu peke yake, ndipo aandike.

Muntasir katii hapo hapo. Kaacha aya mbili tupu, ya tatu kaandika kheri.

Abeer nimempangia kazi kubwa. Kesho atakwenda ofisi ya vibali vya wageni, apange foleni na watu, asikilize. Akauliza amtafute nani. Nikasema asimtafute mtu. Ila akimwona kijana mrefu, mwembamba, anayekohoa, basi huyo ni mfano mzuri wa wageni kwa jumla.

Jumanne, 11 Novemba.

Ripoti ya Abeer imefika. Nimeisoma mara nne. Nimekwenda kufunga mlango wa uani ambao ulikuwa umefungwa.

Anasema foleni ilizunguka jengo. Mbele yake alisimama kijana kavaa koti la baridi na juu kofia ya Kiomani ya kushonwa kwa mkono, nyota za buluu. Nyota za buluu alikuwa akishona Mahfoudha. Hakuna mwengine Ibra.

Kijana alikuwa na chupa ya kahawa ya iliki. Akamkaribisha. Wakaulizana ulumu palepale kwenye foleni, hakuna ila kheri, hakuna ila kheri. Kikombe cha pili, hali ya hewa. Kikombe cha tatu akamwambia kwamba Ureno kumemchosha, anatamani kurudi. Kampuni moja ya Nizwa imemwita. Lakini kila Ijumaa anampigia baba yake ili amwambie, na kila Ijumaa baba anasema mambo yake mazuri, na sasa ati ana watu chini yake. Anaona akirudi atakuwa mzigo, amsumbue mzee aliyetulia. Kwa hiyo anaongeza kibali. Miaka miwili.

Chini Abeer kaandika kwa maneno yake mwenyewe: "Ami, baba yake anasema kila kitu iko sawa. Sasa yeye arudi kwa nini?"

Kwa Kiswahili kile kile kinachochechemea! Nimemrudishia alama zake zote.

Basi mambo ni mepesi. Serikali ya Ureno haihusiki hata chembe. Ijumaa ninaulizwa ulumu, nami natoa ulumu. Kuna ugumu gani?

Ijumaa, 14 Novemba.

Niliandika kwenye karatasi, herufi kubwa: "Anas, mwanangu, si kheri. Nyumba hii inanishinda peke yangu. Rudi." Nimefanya mazoezi toka asubuhi, mbele ya kioo, mbele ya friji, mbele ya viatu. Kwa viatu nilisema vizuri sana.

Simu ikalia. Akauliza ulumu.

Nikasoma: Anas, mwanangu. Akaitika, naam, Baba. Alikuwa anangoja, nilisikia anangoja. Mstari wa pili nikausoma kwa macho. Mdomo, wenyewe, na miaka sitini na miwili ya mazoezi, ukasema hakuna ila kheri.

Nikaongeza kwamba nina ofisi ng'ambo. Sijui kwa nini niliongeza.

Akasema anafurahi kusikia. Akasema basi Jumatatu anakwenda kutia saini miaka miwili, kama huku hakuna neno. Nikamwambia atie, asiicheleweshe serikali ya watu.

Dakika nne! Ndefu kuliko zote mwaka huu.

Nimekwenda kukaa chumbani kwake. Nimelia, si sana. Kisha nikaona pembe ya dari inataka rangi.

Jumamosi, 15 Novemba.

Nimechunguza kosa liko wapi. Kosa ni la gazeti: waandishi wawili hawatoshi nchi nzima. Inahitajika mwandishi wa tatu, wa kudumu, palepale kwenye ofisi ya vibali, na wa nne wa kifua. Abeer kaniandikia kwamba anaacha kazi, na kwamba gazeti langu linahitaji simu moja tu. Vijana hawaujui uhariri.

Alasiri kaja Zakariya! Mara ya kwanza tangu msiba wa Mahfoudha. Nilidhani kaja kunicheka. Nikamkaribisha, nikamuuliza ulumu, hakuna ila kheri. Akaniuliza, hakuna ila kheri. Akasifu tende. Kikombe cha tatu akakishika muda mrefu. Akasema Nizar hajapiga simu toka Idi Kubwa. Akauliza, akitazama mkeka, kama ofisi yangu ina nafasi ya mwandishi wa kuiangalia Serikali ya Kanada.

Ningeweza kumwambia nilichosoma katika ripoti ya Abeer. Nilikuwa nayo mfukoni! Lakini Zakariya, baada ya miaka ishirini na saba, anakuja kwangu kuomba. Nikaleta kalamu. Nikamwachia akae dirishani. Tukaanza: Wanatakiwa waandishi wa kujitegemea.

Tumefika kwenye ujira, simu ikalia. Anas. Jumamosi! Si siku yake. Akasema hakulala vizuri. Anataka kuniuliza tena kabla ya Jumatatu: kweli, Baba, huko hakuna ulumu wowote?

Zakariya kanikazia macho, kikombe mkononi.

Nikamwambia niko kikaoni, apige Ijumaa.

Zakariya akauliza ni nani. Nikamwambia ni msomaji wetu mmoja wa Ureno. Tukaendelea na Kanada.