Vita vya Taa ya Kijani ya Meli Kamongo

Sogezeni masikio, enyi mabaharia wa Ziwa, enyi wachukuzi wa bandari ya Mwanza, nanyi mliobaki bwenini mkidhani dunia inaishia kwenye uji wa asubuhi. Nawasimulia habari za taa moja ya kijani, na za Mayala mwana wa Malimi, Mbeba Ngazi, Mtikisa Fagio, mwanagenzi wa ufundi umeme wa meli, ambaye, kwa unyenyekevu mkubwa, ni mimi.

Fahamuni kwamba katika karakana yetu mwanagenzi hukabidhiwa fagio na kitambaa, wala hashiki koleo mpaka agundue hitilafu moja kwa akili yake mwenyewe. Miezi saba nilifagia. Fundi Makame, Sultani wa Nyaya, mwenye nyusi zilizounguzwa na cheche za meli tatu, alikuwa ametamka kwamba mwezi wa nane ukiisha sijagundua kitu, nitarudi Buswelu kuchunga ng'ombe wa baba, mimi na cheti changu cha darasa la kumi.

Basi siku nne kabla ya Uhuru, saa kumi alasiri, meli Kamongo ikiwa gatini imesheheni watu wa Nansio, taa ya kijani ya ubavu wa kulia iligoma kuwaka. Nahodha akaapa kwamba bila taa hiyo hang'oi nanga. Chenge na Salum, majemadari wawili wa bisibisi, wakaufuata waya kutoka omo ya mbele hadi shetri ya nyuma, wakailaumu jenereta, kisha wakalaumiana. Mama Paskazia, abiria aliyekuwa akipeleka mashuka ya arusi ya bintiye, akawatazama wee, mwisho akasema:

"Wanangu, taa yenyewe ni ndogo kama bakuli, nayo iko hapa juu. Huko tumboni mwa meli mnatafuta nini?"

Neno hilo likanichoma. Maana jana yake nilitumwa kung'arisha shaba za taa. Nami, niliyelelewa na shule ya bweni ambako kitasa kisichong'aa kilikunyima chakula cha jioni, nikazing'arisha, kisha, ili mng'ao usitoroke, nikazipaka vanishi. Nikapaka hata kile kijiulimi cha shaba kinachoigusa globu na kuipa umeme. Na vanishi haipitishi umeme hata ukiipigia magoti.

Nikamwomba Salum azime swichi, kwa kuwa shujaa aliyekufa hapewi koleo. Nikapanda ngazi, nikaing'oa globu, nikachomoa msasa kiunoni kama jambia, nikakwangua mpaka shaba ikapumua. Swichi ikawashwa. Taa ikawaka kijani kibichi kama jani la mgomba baada ya mvua, na sitaha nzima ikapiga vigelegele.

Fundi Makame hakupiga kigelegele. Alipanda ngazi, akaichungulia taa, akainusa.

"Vanishi hii kapaka nani?"

Chenge akamtazama Salum. Ningenyamaza, koleo lilikuwa langu. Lakini vidole vyangu vilikuwa bado vinanata, nami nikasimama wima, nikanena:

"Shikamoo, Fundi. Adui niliyemshinda leo ndiye niliyemkaribisha jana. Nilipaka mimi, mara mbili."

"Marahaba. Mara mbili ya nini?"

"Ya pili ilikuwa ya urembo, Fundi."

Mdomo wa Fundi ukacheza kidogo, akaukaza.

"Sharti langu lilikuwa kuigundua hitilafu. Aliyeileta sikumtaja," akasema, akatoa koleo mfukoni mwake. "Shika. Za vyumbani nazo umezipaka?"

"Zote kumi na moja."

"Basi safari njema. Mkifika Nansio, ziwe zinawaka."

Kamongo ikapiga honi, nami nikateremka vyumbani, koleo mkononi na msasa menoni, huku Mama Paskazia akiniuliza kama nyumbani kwake nako naweza kuja kuharibu kidogo. Wengine na waandike habari za bendera na gwaride. Mimi naandika hivi: Tanganyika ilipopata uhuru wake, taa moja ya kijani katika Ziwa hili ilikuwa imekwisha kupata wake, imeitangulia nchi nzima kwa siku nne.