Maoni ya Wasomaji Kuhusu Bibi Mweupe wa Kwihara

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo ndiyo leo. Nakala ishirini za hadithi yangu, Bibi Mweupe wa Kwihara, ziko mezani kwenye chumba cha kusomea cha parokia. Kando yake nimeweka daftari la maoni. Nimelipigia mistari mwenyewe kwa rula: Jina, Anakotoka, Simu, Maoni, Saini. Mtanzania akiona mistari hiyo hana ujanja, anajaza tu, hata kama alikuja kuomba maji.

Mambo yako hivi. Modest wa redio kasema kipindi chake cha jioni kina nafasi ya kitabu kimoja, kisomwe mwezi mzima. Ama changu, ama cha Mwalimu Martha cha ufugaji wa nyuki. Nyuki! Sharti ni kwamba ifikapo Jumamosi wasomaji thelathini wawe wameandika kuwa hadithi imewatisha. Miaka kumi na tisa niko Isevya natoa fotokopi za vyeti vya watu. Miaka kumi na tisa maandishi ya wengine yanapita mikononi mwangu. Sasa zamu yangu. Nikilikosa hili, sipati tena.

Na hadithi inatisha, siyo utani. Karani kijana anarithi tembe kuukuu karibu na Kwihara. Ukungu umetanda. Mshumaa unazimika wenyewe. Bibi aliyekufa enzi za misafara ya pembe anapita ukumbini na kanzu nyeupe, akiugulia. Karani anatimua mbio. Kurasa arobaini, na thelathini na nane anakimbia.

Saa kumi nikaenda kuchungulia. Maoni matatu. Masolwa, muuza spea za baiskeli, Msukuma, na mimi Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wangu, bahati mbaya iliyoje, kauliza ukungu huo wa Tabora mwezi wa kumi umetoka wapi. Anasema kafika ukurasa wa tano, kashikwa na kiu, kaenda kunywa maji, hakurudi. Mama Pelagia, mtunza chumba, kasifu karatasi kuwa ni nzito. La tatu ni la Bibi Nizigiyimana wa Ulyankulu, aliyekuja mjini kupimwa macho. Nalinakili lilivyo, wajukuu waje wajue nilivumilia nini:

"Huyu marehemu ana miaka mia na hamsini, na kurasa zote arobaini hakuna aliyemwamkia. Kijana anamkuta mtu mzima ukumbini, anakimbia. Amelelewa na nani? Ningekuwa mimi huyo bibi, ningeugulia zaidi."

Kupimwa macho! Angepimwa kwanza ndipo asome.

Jumanne, 8 Oktoba

Maoni tisa mapya. Saba ni ya shikamoo! Ajuza mmoja kaambukiza mji mzima. Wanasoma maoni yake kwanza, halafu ndiyo wanafungua hadithi, wanakwenda moja kwa moja kutafuta nani kaamkia na nani hakuamkia. Katekista Dismasi kauliza kama marehemu aliombewa misa, na kama hakuombewa, ndugu walikuwa wapi. Fundi mmoja kasema tembe lina paa bapa la udongo, sasa hizo ngazi za kwenda orofani kazijenga nani, na zinakwenda wapi.

Waliotishika: sifuri.

Hawa ndio wasomaji wetu. Unawapa mzimu, wanataka ukoo wake.

Recheli, mke wangu, hadithi hajaigusa. Daftari la maoni kalisoma lote, kacheka mpaka kaketi chini.

Mchana nikafunga duka, nikachukua kalamu tatu. Mwandishi hangoji wasomaji wazaliwe. Nikazaa wanane. Watatu kwa mkono wa kulia, watatu wa kushoto, wawili nimewaandika nimesimama. Wote wa Puge, maana nani atatoka Tabora kwenda Puge kuhakikisha? Bora kuliko wote ni Justini Kapela: "Tangu nisome sijalala siku tatu. Natetemeka. Chakula hakipiti. Mke wangu analia tu." Nilipomaliza, mimi mwenyewe nilimwonea huruma.

Sehemu ya simu ilikuwa inataka kujazwa. Namba yangu imeandikwa kwenye mlango wa duka, kila mtu anaijua. Nikaweka ya Recheli.

Jumatano, 9 Oktoba

Nilisahau kwamba Mama Pelagia ni mwenyekiti wa jumuiya.

Mtu mwenye elimu akisoma "chakula hakipiti" anaona sifa ya mtunzi. Mama Pelagia kaona mgonjwa. Na mgonjwa huku kwetu haachwi. Kufika saa sita wamama walikwishachanga unga, sukari, na mche mzima wa sabuni. Wakapiga ile namba.

Tulikuwa tunakula. Recheli kapokea. Kasikiliza. Kanitazama, akaendelea kunitazama. Kisha akasema ndiyo, Justini yuko hapa kwetu, kaletwa jana kwa basi, kalazwa chumba cha nyuma, hali si nzuri, karibuni Jumamosi saa nane. Akaweka simu, akamega ugali.

Nikamuuliza amepatwa na nini. Akasema, "Baba Jonasi, umeleta mgonjwa kwenye simu yangu. Sasa mlaze."

Ndoa ya mtunzi ni mzigo wa porini, unaubeba huku wenzako wanakuimbia.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nilikuwa nimeamua mgonjwa afe kimya kimya, nimrudishe Puge. Mara Modest huyo dukani, anapumua juu juu. Kasikia. Anasema katika kazi yake yote hajawahi kuona hadithi iliyomlaza mtu kitandani. Anasema msomaji mmoja aliyeugua kwa woga anatosha thelathini. Jumamosi anakuja na kinasa sauti.

Anatosha thelathini! Mimi huyu! Mwalimu Martha akatafute nyuki wa kumlilia.

Sasa natafuta mgonjwa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Shemeji yangu Bernardo kakataa, anasema kulala mchana ni kujitakia mkosi. Mpangaji wetu kakataa. Fundi wa ngazi kakataa na kuniuliza tena habari za ngazi.

Kabaki Masolwa. Nimekwenda nimemeza aibu yote. Kakubali upesi mno, sikupenda. Hakutaka malipo. Kasema tu apewe kile ambacho mgonjwa akikitamani hanyimwi. Nikasema sawa, uji tutapika. Nikamsihi amalizie kusoma hadithi. Kasema hapana haja, kurasa tano zimemtosha kuugua.

Wamama hawatamtambua. Hasali parokiani, na nani humtazama usoni muuza spea?

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, siyo wa Justini.

Saa nane kamili wamefika. Wamama kumi na wawili, beseni la unga mbele, na Bibi Nizigiyimana nyuma, na miwani mpya. Nikamwamkia haraka, asije akaniandika tena. Modest na kinasa sauti chake. Masolwa yuko kitandani, blanketi hadi puani, joto la Oktoba limempikia jasho la kweli kweli. Nikajipongeza. Wakasali. Wakaimba beti zote, hata zile ambazo huwa zinarukwa.

Ndipo Bibi Nizigiyimana akasogeza kigoda, akamuuliza mgonjwa huyo mwanamke mweupe alitaka nini, maana marehemu hasumbui watu bure.

Masolwa akafumbua jicho moja. Kwa sauti ya kufa akasema bibi humjia kila akisinzia, na hana kisa na wasomaji. Kisa chake ni na mtunzi. Mtunzi kamvika kanzu nyepesi, kamtembeza ukunguni bila viatu kurasa arobaini, hakumpa hata tonge. Anataka jogoo wa mtunzi. Yule mwekundu.

Watu wote wakamgeukia jogoo wangu, aliyekuwa kasimama mlangoni akisikiliza.

Ningesemaje? Nikikataa, mzimu hana nguvu, na kama hana nguvu, hajamtisha mtu, na kama hajamtisha mtu, nyuki wanakwenda redioni. Nikasema achinjwe. Nikafika jikoni nikakuta Recheli kashachemsha maji ya kumnyonyolea. Nani alimwambia?

Mgonjwa kala mapaja yote mawili. Kakaa kitandani, kalamba vidole. Hapo Mama Pelagia, kwa upole wake wote, kamwambia ile cheni ya baiskeli aliyomuuzia Jumanne inaruka, na lini atakuja kuibadilisha.

Walimjua tangu mlangoni! Wote! Msukuma kalala kitanda cha Mnyamwezi, wakasema huo ni utani, na nani ana haraka ya kuondoka utani haujaisha? Kwa hiyo wakasali, wakaimba, wakala.

Nilivimba. Nilifungua mdomo nimtukane Masolwa hadi babu yake wa tatu. Wakanitazama tu, wanangoja. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuchukulia jogoo, na wewe unatakiwa ucheke. Nikacheka. Kicheko hicho kimeniuma kuliko jogoo.

Haikutosha. Bibi Nizigiyimana akasema kwa kuwa mwenye hadithi yuko hapa, amalize deni lake, amwamkie yule marehemu. Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Nikasimama, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, nikageukia kitanda, ambako Masolwa alikwishajifunika tena, nikasema shikamoo.

"Marahaba," likajibu blanketi.

Recheli alitoka nje. Nilimsikia akicheka, kashika ukuta.

Modest kazima mashine, kafuta machozi, kachukua daftari la maoni, ambalo Mama Pelagia alikuja nalo. Kalipekua ukurasa kwa ukurasa. Kisha kasema:

"Mzee Adriano, hadithi yako siiwezi. Lakini hili daftari nitalisoma mwezi mzima."

Daftari! Bibi Nizigiyimana atasoma lake mwenyewe, kwa sauti yake. Masolwa atasoma la kiu. Nyuki wa Martha wamepewa kipindi cha asubuhi. Nikamuuliza, kwa unyonge kidogo, vipi yale maoni manane ya kutoka Puge. Kasema hayo ameyakata. Hayana uhalisia.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimelala, nimeamka, nimeelewa.

Wamenionea wivu, basi. Na ukitazama vizuri, nimeshinda mimi. Daftari ni la nani? Mistari kapiga nani? Bila kitabu changu, ajuza yule angetoa maoni juu ya nini, macho yake? Mwezi mzima redio itamtaja Bibi Mweupe, na watu watakitafuta kitabu. Nitatoa nakala mia. Shikamoo siongezi hata moja.

Baada ya misa nikapita chumba cha kusomea. Na ninaona nini? Mwalimu Martha naye kaweka daftari mezani, karibu na kitabu chake. Kapiga mistari ileile! Tayari kuna maoni kumi na tisa. "Kinafaa sana." "Mungu akubariki, mwalimu." Takataka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nyuki waliamkiwa na nani.

Hapana mtu chumbani. Nikatoa kalamu. Nikamwandika msomaji mmoja wa Urambo, baba wa watoto sita, aliyefuata maelekezo ya ukurasa wa kumi na mbili neno kwa neno. Uso umevimba wote. Macho yamefumba. Kalala kwa ndugu yake hapa hapa Isevya, haoni, hali, hana wa kumpa hata maji.

Safari hii nimekuwa mwangalifu. Simu nimeweka yangu mwenyewe, maana Recheli si wa kuaminika.