Barua ya Siri Kuhusu Mbu wa Gunvor

Jumatatu, 3 Machi

Ombi la ruzuku limewasilishwa dakika nne kabla ya muda kwisha. Kurasa arobaini kuhusu usingizi wa konokono wakati wa theluji. Sentensi ya kwanza ina maneno sitini na moja, wala haiyumbi! Baraza la Ruzuku litafadhili utafiti mmoja tu katika taasisi yetu hapa Norrland, kaskazini mwa Uswidi. Nikikosa, ajira yangu inakoma Juni. Mshindani wangu ni Gunvor Tjäder, mtafiti wa mbu. Mbu! Viumbe ambao kila Mswidi huwapiga kofi bila kuhitaji utafiti.

Jumanne, 4 Machi

Leo ni siku ambayo Waswidi wote hula maandazi ya krimu. Gunvor amekula matatu huku akijigamba kuwa ombi lake lina kurasa kumi tu. Ufupi usio na haya! Nimeazimia kulisaidia Baraza. Nimeliarifu kwa barua, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba Gunvor huwahesabu mbu wake kwa kukisia, akiwa amejilaza sauna, kwenye chumba cha mvuke. Juu nimeandika SIRI.

Alhamisi, 6 Machi

Jibu! Baraza limenishukuru, na barua imepewa namba katika daftari la umma. Sheria naijua: barua ikishapokelewa serikalini, raia yeyote aweza kuiomba na kuisoma. Mwaka jana niliomba barua zote za Gunvor. Ila sheria hiyo haikukusudiwa kwa barua zilizoandikwa kwa ufasaha.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne, kahawa. Taasisi nzima mezani. Gunvor alichomoa nakala ya barua yangu, akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye neno sauna, mkurugenzi alipaliwa na kahawa.

Gunvor akaniuliza: "Haya bwana wee, sauna uliniona lini? Ulichungulia dirishani?"

Britt-Inger wa maabara akadakia: "Mwacheni jamani, kaambiwa na konokono!"

Nilifafanua kwamba barua ile ni ya siri. Gunvor akasema siri gani tena, nami nimeipeleka serikalini mwenyewe. Hata hivyo alikiri kwamba hajapata kuona sentensi ndefu kama zile za barua yangu. Nilimshukuru.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeliomba Baraza kwa maandishi liihesabu barua ya kwanza kuwa haikuandikwa. Ili lisikosee, nimezirudia tuhuma zote, na kuziboresha.

Ijumaa, 14 Machi

Kahawa. Gunvor amesoma barua ya pili. Watu wa ghorofa ya chini walipanda na viti vyao.

Jumatano, 21 Mei

Ruzuku amepata Gunvor. Wapimaji wa maombi wameandika kwamba konokono wangu wanalala vyema na wasisumbuliwe.

Nilikuwa nikifunga vitabu vyangu kwenye maboksi alipoingia. Akasema: "Acha hayo, Algot. Ripoti za Baraza zinanishinda, na wewe maneno hayakuishii. Njoo tufanye kazi pamoja kwa ruzuku hii. Ila barua basi, sawa?"

Nimekubali. Ajira imesalimika, miaka mitatu! Lakini mtu aliyetukanwa mara mbili anawezaje kuwa mwema bila sababu? Kuna jambo analificha. Nimemwandikia Waziri mwenyewe. Mtu wa cheo kile, barua zake hazisomwi na kila mpita njia.

Stempu nimeiomba kwa Gunvor. Amenipa akitabasamu, wala hakuuliza ya nini.