Kofi ya Mwisho na Maharagi ya Jana

Leo nimepata haya mbele ya biro muzima. Nawaandikia nyinyi wawili, Nabintu na Furaha, mbio mbio, kwa sababu shemeji ya Mugisho, yule tunatumika naye ku biro, anapanda kamyo ya kuja kwenu Kamituga kesho, na ule mutu kinywa yake haifungwe. Heri musikie kwangu kwanza.

Munajua tumbo yangu. Tangu tuko masomoni pale Nyangezi nilikuwa nakimbia choo kila nikikula mukate, na nyinyi mulikuwa munacheka. Mwezi uliopita nikachoka, nikaenda ku dispanseri. Masera, ule mutawa mwenye kuangalia wagonjwa, akanikamata tumbo, akauliza asubuhi nakula nini, kisha akasema: «Maman Nsimire, ngano ndiyo inakuua. Acha mukate. Acha mandazi. Acha makaroni. Na bia pia, acha.»

Hata bia. Nikamuuliza: «Na hostia ya komunyo je, Masera?» Akasema ataenda kumuuliza Padri. Mpaka leo ningali nangojea.

Sawa, nikaacha. Lakini niambieni, ukitoa mukate, asubuhi hapa Bukavu unakula nini? Viazi vitamu na maharagi iliyolala. Saa sita, bugali ya muhogo na maharagi. Mangaribi, maharagi. (Masera alisema «maharagi kidogo kidogo, tumbo izoee». Mimi nilisikia «maharagi».) Kuhara kukaisha, nasema ukweli, namushukuru Mungu. Pahali yake kukaingia upepo. Kwanza nilizani ni kitu ya siku mbili. Haiko ya siku mbili. Inazunguka, inanguruma, inatoka wakati inataka, na haichague nani iko karibu. Bwana yangu sasa analala salon, anasema ni juu ya joto. Joto, hapa Bukavu.

Sasa leo. Munajua miaka yote hii niko dactylo, kupiga barua ku mashini. Cheo ya secrétaire wa directeur iko wazi tangu muzee mwenye alikuwa nayo alienda pansioni. Tuliobaki kuitaka ni wawili: mimi, mwenye kupiga mashini bila kuangalia vidole, na citoyen Mugisho, mwenye kupiga na vidole viwili huku anatafuta herufi A kama mutu amepoteza funguo. Cheo hiyo naitaka, sifichi. Nimeiombea novena. Na leo délégué, mutu wa serikali, alifika toka Kinshasa kusema jina ya mwenye kuipata mbele ya wote, asubuhi, kisha kupandisha bendera.

Nilikuwa na woga, basi nikakula sahani mbili. (Ya nini? Musiulize.)

Tukasimama ku kiwanja, mistari mistari, bendera ikapanda. Wanaume na makoti yao ya abacost, sisi na vikwembe. Nikasikia kitu inaanza chini ya kikwembe yangu. Nikakaza. Wakati wa kuimba nikaimba kwa nguvu kuliko wote, mpaka Mugisho akanigeukia. «Leo una moyo kweli, citoyenne», akasema. Nikamwambia aangalie mbele.

Délégué akasema maneno. Mengi. Jasho ikanitoka mpaka ku magoti. Kisha directeur akapaaza sauti: «Kwa mugeni wetu, triple ban!»

Mungu ni mwema, nikajisemea. Triple ban sisi wote tunaijua toka masomoni: makofi matatu, tena matatu, tena matatu, kisha moja kubwa ya mwisho, wote pamoja. Ndani ya ile makelele mutu anaweza kufanya mambo yake kwa amani. Kwa matatu ya kwanza nikajaribu kidogo. Hakuna aliyesikia. Ah, raha gani. Kwa yale ya pili, kidogo tena. Ile kubwa nikaichunga kwa kofi ya mwisho. Nikahesabu vizuri. Mikono ya wote ikapanda juu. Mimi nikafungua.

Délégué akainua kidole. «Musipige kwanza», akasema. «Hii ya mwisho iko ya citoyenne Nsimire, secrétaire wetu mupya.»

Mikono ikabaki hewani. Macho yote kwangu. Kimya. Nikakaza, nikauma meno, wapi. Ilikuwa imekwisha kushika njia.

Ilikuwa ndefu. Tena ku mwisho ikapanda sauti, kama mutu anauliza swali.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Lakini nani atacheka chini ya bendera, mbele ya mutu wa Kinshasa? Kila mutu anajua kicheko kama hicho kinaweza kukufikisha wapi. Directeur akaangalia viatu vyake. Délégué akaangalia directeur. Nilizani cheo imekwenda, na Mugisho naye alizani hivyo, nilimuona anajinyoosha koti. Kisha, kwa sababu triple ban haiachwe katikati, délégué mwenyewe akakutanisha mikono yake. Pa. Na wote nyuma yake, kofi moja safi. Mpaka sasa sijui walipigia cheo ama walipigia ile ingine.

Mugisho akanipa mukono. «Félicitations, citoyenne», akasema. «Kwa yote mbili.» (Sawa. Barua za kupiga, ni mimi nitakuwa nampatia kila asubuhi. Atapiga nyingi.)

Saa nne directeur akanipeleka ku biro yangu mupya. Akapita mbele yangu bila kuniangalia, akafungua madirisha, yote mawili, moja moja. «Hapa utapata hewa muzuri», akasema. Nikamushukuru. Ningefanya nini?

Basi, chekeni huko huko Kamituga, mumalize. Lakini mukinijibu, mufunge enveloppe vizuri, kwa sababu hapa nyumbani nimesema tu kwamba walinipigia makofi.