Kiuno Kinakuja Inshallah

Alhamisi, 27 Februari
Aibu! Tumekwenda kwa fundi Babu, hapa hapa Timbwani, kupimwa sare za harusi ya shemeji yangu baada ya Idi. Wanawake wote wa ukoo satini moja ya zambarau, mshono mmoja. Babu akanizungushia futi kiunoni. Futi ikagoma kukutana. Akaniomba nivute pumzi. Nikavuta. Ikagoma tena.

Wifi yangu Asmaa, dada yake Sharif mume wangu, akatangaza kwa sauti ya kunadi samaki kwamba kitambaa chote kitaishia kwangu. Afadhali mimi nikae na mapishi, akasema, sufuria za biriani hazidai sare. Wakacheka wote! Hata mavyaa, mama yao, nilimwona bega likimtikisika. Huyu Asmaa amerudi kwao kumsubiri mumewe aliye Uarabuni. Kiuno chake cha nyigu. Ulimi pia.

Walipotoka mimi nikabaki. Nikamwambia Babu anikatie kiuno cha inchi thelathini. Akaniuliza kwa adabu hicho ni kiuno cha nani. Nikamjibu ni changu, kiko njiani, kinakuja inshallah. Akaandika bila kuinua uso. Siku ya harusi nitapita mbele ya Asmaa polepole, kisha nitarudi nipite tena.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango ulikuwa rahisi. Ramadhani ingenikondesha bure. Nani asiyekonda kwa kufunga?

Mimi! Dera linabana kuliko jana. Na kosa si langu. Anayepika futari ya nyumba nzima ni mimi. Siwezi kuonja mchana, kwa hiyo ikiadhiniwa magharibi naonja vyote kwa mpigo: viazi vya karai, kaimati, tambi, mkate wa sinia. Lazima mpishi ajue kama sukari imekaa.

Sharif, aliporudi kutoka kazini kwake kwenye makontena Changamwe, akanikuta navutana na dera. Akasema ng'ombe haelemewi na nunduye. Nadhani alitaka kunifariji. Nimemnunia mpaka sasa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepata dawa! Fancy, mpangaji wa nyumba ya pili, mtu wa bara mwenye kuuza kila kitu kwa simu, ameniletea kopo la vidonge viitwavyo Kiuno Wembe. Nje pana picha ya mwanamke aliyevaa suruali ya mtu mwingine na kuivuta mbele kwa furaha. Jina la kiwanda hakuna. Maandishi ni ya lugha ambayo hata Fancy haijui.

Nikamuuliza kama ni salama. Akaniambia, "Hii ni majani tu, mathe, haina noma." Nikamuuliza kama madaktari wanaijua. Akasema wanaijua sana, wanaificha ili wasikose wagonjwa. Hoja nzito hiyo! Nikatoa pesa.

Kimoja kila daku, alivyoagiza. Lakini mwenye haraka ni mimi, si Fancy. Viwili. Kopo nimelizika ndani ya debe la unga wa ngano.

Ijumaa, 14 Machi
Maajabu! Njaa hamna. Usingizi nao hamna. Nikishakula daku nafanya kazi. Kabla ya jua kuchomoza leo nilikuwa nimefua mikeka yote, nimesugua masufuria, nimefagia ua na kipande cha barabara ya serikali. Moyo unapiga kama mashine ya kusaga mahindi. Ndiyo mafuta yanayeyuka hayo.

Mavyaa aliona taa chumbani kwangu akaamini nakesha kwa ibada. Hakuniuliza. Na mimi sikusema uongo, wallahi. Niliinamisha macho tu. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba mke wa Sharif ameongoka. Na jina lenyewe Mwanasaumu, wakasema, hili lilikuwa limeandikwa! Jirani akaleta mtoto wake mwenye homa nimsomee dua. Mikono ikanitetemeka juu ya kichwa cha mtoto. Wakasema ni hofu ya Mwenyezi Mungu.

Asmaa alikunja uso kama aliyeng'ata ndimu. Raha iliyoje! Na dera limelegea vidole viwili.

Jumatano, 19 Machi
Mwizi! Kopo lilikuwa linapungua upesi nikawasingizia panya. Leo alfajiri nimemkuta Asmaa anafagia ua niliokwisha kuufagia, macho mekundu, anaugombeza ufagio. Kucha zimejaa unga wa ngano! Kikulacho ki nguoni mwako. Kiuno tayari anacho, lakini hataki na mimi nikifikie.

Nimshtaki kwa nani? Kumwita mwizi ni kutaja kilichoibwa. Nimelihamisha kopo kwenye pindo la leso yangu, nalala nalo. Yeye ameshachota vya kumtosha. Basi tunashindana kimya kimya. Nikisugua sufuria, anaisugua upya. Mavyaa amelia machozi ya furaha, akamshukuru Mola kwa kumjaalia wacha Mungu wawili chini ya paa moja.

Sharif peke yake ndiye haoni baraka. Eti nimeifokea birika. Eti nifungue saumu anipeleke hospitali. Nikamwambia asiwasumbue wanaoabudu. Kweli, nikisimama dunia inazunguka kidogo. Misuli ya miguu inakaza, chooni ni nenda rudi, na kiu ya mchana ni ya kulamba ukuta. Lakini kiuno hakiji bure.

Jioni Fancy amekuja mbio, uso umemsawijika. Mteja wake mmoja wa Mikindani, Nyambura, mama wa watoto wadogo, moyo umemkorofisha ghafla akaanguka jikoni. Amelazwa, hasemi. Fancy ananisihi nivitupe vidonge vyote chooni na nisilitaje jina lake kwa mtu. Lahaula! Nilikaa chini.

Baadaye nikatulia. Pengine huyo Nyambura alikuwa na maradhi yake. Asmaa sikumwambia. Ningemwambiaje? Daku hii nitameza kimoja na nusu tu, kwa tahadhari.

Ijumaa, 21 Machi
Naandika nikiwa kitandani hospitali. Mkono unatetemeka, lakini safari hii hakuna anayesema ni hofu ya Mungu.

Jana alasiri tulikuwa kwenye darsa ya akina mama. Asmaa amekaa ubavuni mwangu, anajipepea kwa pembe ya ushungi. Akaniambia polepole, "Wifi, moyo wangu wataka kutoka." Ndiyo mara ya kwanza mwaka huu kuniita wifi bila kejeli. Kisha akanilalia begani. Nikamsukuma, nikidhani ni vituko vyake. Akaanguka kama gunia!

Tulimfikisha hospitali darsa nzima, midomo imembadilika rangi. Daktari Kaingu akauliza amekula nini, amemeza nini. Mavyaa akajibu mwanawe hajameza kitu, afunga na kuswali tu. Akauliza tena. Wakajibu tena. Kisha, jamani, wakanigeukia mimi nisome dua! Mavyaa akanishika miguu. Akaniambia, "Mwanangu, wewe waskizwa. Muombee asife."

Nikainua mikono. Namtazama Asmaa, kifua kinaruka ovyo chini ya buibui. Nikawaza nikinyamaza, mimi ni walii wa Timbwani. Nikisema, nimekwisha. Na kwa kweli nilinyamaza. Nilinyamaza kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Asmaa akafumbua macho akanitazama. Hakuweza kusema, lakini alijua kwamba najua. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo tangu nizaliwe.

Nikapiga ukelele. Si saumu! Ni vidonge! Ni vyangu! Nikalifungua pindo la leso, nikampa daktari kopo mbele ya darsa nzima.

Kaingu akaligeuzageuza, akalitazama kopo kama anayemtazama nyoka. Akatueleza huku anashughulika na Asmaa. Vidonge vya aina hii, akasema, ameshakuta ndani yake dawa iliyopigwa marufuku miaka mingi kwa kuwaletea watu kiharusi na mshtuko wa moyo, tena huchanganywa na dawa ya kukojoza na ya kuharisha. Kilichopungua si mafuta hata chembe! Ni maji, na chumvi ambazo moyo unazihitaji ili upige sawasawa. Nasi tukaongeza kushinda bila tone la maji. Kila mwezi analetewa wanawake, mabinti na mama zao, na wengine huletwa wamechelewa. Akanishika na mimi kifundo cha mkono. Akahesabu mapigo. Akaita kitanda cha pili.

Asmaa amepona, alhamdulillahi. Yuko kitanda cha jirani, ana dripu kama yangu. Kaingu amesimama baina yetu akatuapisha hatutameza tena kitu chochote cha kukondesha. Tukaapa. Wallahi, sitameza.

Mavyaa hajanisemesha. Yule jirani wa mtoto mwenye homa ametuma salamu kwamba ile dua yangu anaomba ihesabiwe haikusomwa.

Jumapili, 6 Aprili
Harusi ilikuwa jana. Babu alilileta gauni la inchi thelathini, nikajua naenda kwenye sufuria za biriani. Akalipindua, akafumua mishono ya ubavuni, na nguo ikazidi kutoka ndani! Kumbe kila mama anayepimwa kabla ya Ramadhani humwachia akiba ya kitambaa ndani. Amesema kiuno cha mfungo anakijua, hakipungui. Likanikaa sawasawa. Yaani nilitaka kufa kwa nguo iliyokuwa inanitosha!

Nilipita mbele ya Asmaa polepole. Akanishika mkono tukapita pamoja. Nyambura wa Mikindani, nasikia, ameruhusiwa kutoka, lakini mguu mmoja anauburura. Nililia humo humo kwenye vigelegele. Nimekoma mie. Nimekoma kabisa.

Jumatano, 9 Aprili
Picha za harusi zimetoka. Masalale! Ile mikono ni yangu au ni nguzo za msikiti? Asmaa naye amezitazama picha zake, akadai kidevu kimezaa.

Fancy alipita kutusalimia na kuomba radhi. Vidonge amevitubia, hataki hata kuviona. Sasa ana sindano ya kukondesha. Imetoka mbali sana, kichupa kidogo hakina hata karatasi, unajidunga mwenyewe tumboni. Nilimkatalia palepale. Nikamwambia mimi nimeapa mbele ya daktari.

Kisha nimekaa nikafikiri. Kaingu alituapisha tusimeze. Hii haimezwi. Nimemuuliza Asmaa, naye kaona vivyo hivyo. Tukamwita Fancy arudi.

Kichupa kiko kwenye debe la unga. Asmaa ataka aanze yeye. Hathubutu! Mkubwa ni mimi.