Maombi ya Kurudishiwa Mkono wa Mwantumu

Kata ya Ngorongo,
Rufiji.
17 Mei

Kwa Mwalimu Abdulatifu,
Mfundishaji wa Warusha Mpira wa Kasi,
Timu ya Taifa ya Kriketi ya Wanawake,
Dar es Salaam.

Mwalimu wangu mpendwa, shikamoo.

Mimi ni Warda wa Kidato cha Tatu, mdogo wake Mwantumu. Huenda hunikumbuki, maana ulipokuwa ukitufundisha huku nilikaa nyuma karibu na kabati la vitabu na sikuwahi kunyoosha kidole. Sijawahi kumlalamikia mtu mzima. Kwa hiyo nimeandika rasimu tatu, na hii ndiyo yenye adabu zaidi.

Nakukumbusha ilivyokuwa. Miaka mitatu iliyopita ulikuja bondeni kuwasaka wanafunzi watoro, ukamkuta dada Mwantumu juu ya dungu la shamba letu, anaamia mpunga ndege wasiule. Alikuwa akifinyanga dongo, analirusha kwa mkono mtupu, na kundi la kwelea lililokuwa mbali kama kutoka lango la shule hadi jikoni linaruka lote. Dongo la tatu lilikuangusha kofia. Mtoto mwingine angechapwa. Wewe uliokota kofia yako, ukaipangusa, ukamwambia, "Rusha tena." Hapo ndipo matatizo yetu yalipoanza.

Leo Mwantumu anarushia taifa. Ameshacheza katika nchi nne, na watu wa hapa ambao hawajafika hata Kibiti wanataja majina ya viwanja vya Kigali. Tunajivuna sana. Sasa naomba kuorodhesha malalamiko.

1. Nafasi yake juu ya dungu nimepewa mimi. Mwalimu, kuamia ni kazi ya sauti. Inabidi ugonge debe, upige kelele, uwatukane ndege na wazazi wao. Sauti yangu mimi haifiki dawati la tatu. Wiki ya kwanza nilikuwa nawaambia kwelea, "Tokeni, tafadhali." Bi Zena wa shamba la jirani akapaza sauti kutoka dungu lake, "Wewe Warda! Unawaamia au unawasomea?" Bonde zima likacheka. Nikajificha nyuma ya kitabu cha Baiolojia, na kwelea wa Bi Zena wakahamia kwetu.

2. Mmemharibu. Mwezi uliopita alikuja likizo ya siku tano, nasi tukashukuru, tukamwandalia madongo kwenye beseni. Watu walijaa kutazama. Mwantumu akashuka kwenye dungu, akahesabu hatua kumi na nane kurudi nyuma katikati ya mpunga, akaja mbio, akaruka, mkono umenyooka kama mchi, na dongo likapiga chini kabla ya kuwafikia ndege. Kwa kuwa kule chini ni tope, likazama hapo hapo. Kwelea hawakuinua hata shingo. Mama akauliza, "Mwanangu, mbona unaipiga ardhi, imekukosea nini?" Akajibu kwamba mpira sharti udunde kwanza, na kwamba kukunjua kiwiko wakati wa kurusha ni kosa. Mwalimu, huku kwetu kiwiko ndicho kinachofukuza ndege. Alirudia mara sita, kwa maelezo kwamba sita ndiyo ova moja. Njia aliyokimbilia ipo hadi leo, pana na imenyooka, mpunga wote umelala. Nguruwe pori wanaitumia kuingilia.

3. Mama haangalii tena shamba. Mechi zinaonekana kwenye simu, na mtandao unashika vizuri juu ya dungu tu, kwa hiyo anakuja "kunisaidia". Ndege wanakula, yeye anapiga makofi. Isitoshe mchezo wenyewe hajauelewa. Siku Mwantumu alipowaangushia wapigaji wanne vile vijiti vitatu, mama alinuna mpaka jioni. Alisema, "Yule binti wa watu amesimama na gongo lake, analinda vijiti vyake, hana ugomvi na mtu. Mwantumu anamvunjia nini?" Ameniagiza nikuombe umkanye. Nimetimiza agizo.

4. Bibi humwombea Mwantumu kila baada ya swala. Anaanza na bega la kulia, anafuata kifundo cha mguu, kisha hali ya hewa ya kule waliko. Mpunga unakuja mwisho kabisa, na mara nyingi usingizi unamkuta kwenye kifundo.

5. Ugonjwa umeenea. Zawadi, binti wa Bi Zena, na wenzake watano wameacha madungu yao na wanafanya mazoezi kwenye barabara ya shule kwa kutumia ndimu. Ukienda dukani unasikia mbio nyuma yako, unageuka, ndimu inapita sikioni, na msichana anakuambia, "Samahani, dada, ilipinda yenyewe." Madungu sita yamebaki na masufuria yaliyoning'inizwa yagongwe na upepo. Nimepiga hesabu. Tukiendelea hivi, baada ya miaka kumi Rufiji itatoa warusha mpira wa Afrika nzima, na itaagiza mchele kutoka nchi zile zile tulizozifunga.

Kwa sababu hizo, naomba mojawapo ya mambo yafuatayo.

La kwanza, Mwantumu arudishwe kwa siku arobaini, mpaka tuvune. Najua mashindano yanaangukia humo humo na kwamba asiyekwenda huenda nafasi yake akapewa mwingine. Nimelifikiria hilo kwa siku nyingi kuliko nilivyofikiria jambo lolote. Lakini shamba hili ndilo chakula chetu cha mwaka mzima, na mpunga umeanza kutia maziwa, yaani ndio wakati ndege wanaupenda kuliko wote.

La pili, kama haiwezekani, timu yote ihamishie kambi kwetu. Nimeusoma mchezo wenu kwa makini. Wachezaji kumi na mmoja husambaa uwanjani kutwa nzima, juani, wanapiga makofi na kutiana moyo kwa kelele. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kuamia. Tofauti ni kwamba huku mtakula wali. Mpigaji wenu mkubwa tutampa upande wa ngedere.

La tatu, kama na hilo ni gumu, uwaandikie wanaotunga sheria za kriketi duniani waruhusu kiwiko kukunjuliwa na mpira kutupwa bila kudundishwa. Sidhani kama watakataa wakielezwa hali ya Ngorongo.

Nimalizie kwa salamu. Mama anakusalimu na anauliza kama ile kofia ilitakata. Bibi anakusalimu, na amekuweka kwenye dua baada ya kifundo cha mguu. Bi Zena anakusalimu kwa sauti ambayo pengine umeshaisikia huko uliko. Wasalimie wachezaji wote, hasa wale wasiojulikana majina.

Wako katika utii,
Warda

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua hii Mwantumu alipopiga simu. Nilikuwa dunguni peke yangu. Alisema kwenye mechi ya Jumamosi wapigaji walimpiga sana, mpira wake ulikuwa unatoka nje ya uwanja kila mara, bega linamuuma, na wenzake hawakumsemesha ndani ya basi. Halafu akauliza, "Mdogo wangu, ndege wapo? Niambie wapo wengi. Ukisema wengi, kesho napanda basi, nakuja, na huku sirudi tena."

Mwalimu, walikuwa wamejaa. Mpunga haukuonekana. Nilimwambia tangu aondoke wamehama wote, hajabaki hata mmoja. Akauliza kelele hizo ni za nini. Nikasema ni redio ya Bi Zena. Akacheka kidogo, akasema basi kesho ataenda mazoezini.

Kwa hiyo naomba uichane barua hii na usimrudishe, hata akilia. Na akikuuliza habari za nyumbani, tafadhali sema kama nilivyosema mimi.